Jinsi ya kuomba nafasi ya kucheza soka kwenye chuo cha miaka miwili Marekani

Wengi huanza kwa kuulizia viza. Viza ni ya mwisho. Unaanza na kocha, na barua pepe yake iko wazi kwenye tovuti ya chuo, kwa hiyo wakala anayetaka hela ili "akuunganishe" mwache apite.

Kwanza jua chuo kiko daraja gani. Vyuo hivi, wenyewe huviita juko, vingi viko chini ya NJCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka miwili, chenye madaraja matatu. La kwanza linaweza kukulipia ada, vitabu, chumba na chakula. La tatu halitoi udhamini wa michezo hata senti. Vyuo vya umma vya miaka miwili vya California vina chama chao, navyo havitoi, hata uwe na mguu wa dhahabu.

Kisha video. Dakika tatu au nne zinatosha. Jizungushie duara kabla mpira haujakufikia, maana kocha hakujui na jezi zote zinafanana. Tukio lako bora litangulie. Kama wewe ni beki, mabao hayatakusaidia sana. Onyesha unavyojipanga na unavyopokonya. Kwenye barua taja namba unayocheza, mguu unaotumia, urefu, mwaka uliomaliza shule na matokeo.

Kocha akikutaka atakutumia barua ya udhamini. Isome taratibu: "ada" haina maana ya chumba. Uliza bima ya afya na nauli ni juu ya nani. Ukishasaini, umejifunga.

Sasa omba udahili wenyewe: matokeo ya NECTA au KNEC, mtihani wa Kiingereza chuo kikiutaka, na taarifa ya benki ya mzazi au mfadhili kwa kiasi ambacho udhamini haukigusi. Chuo kitakutumia fomu ya I-20, inayothibitisha umekubaliwa na ambayo utaombea viza. Hakikisha jina limeandikwa kama kwenye pasipoti, kisha tazama sehemu ya fedha: upande mmoja gharama, upande mwingine pesa ulizonazo. Pande hizo zisipolingana, rudi chuoni kabla hujaenda ubalozini.

Lipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, jaza DS-160, yaani fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, weka miadi ya usaili ubalozini. Msimu huanza Agosti, kwa hiyo usingoje Julai. Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, anza na kozi. Viza ya F-1 ni ya mwanafunzi. Mpira taja baadaye.