Kulinganisha funza wa vitumba wa mbaazi, nyanya na mahindi

Ukipita mashamba ya mbaazi Nachingwea wakati wa maua utakuta kiwavi wa kijani, wa kahawia, hata mwenye uwekundu. Wengi hudhani ni wadudu tofauti. Ni mmoja, funza wa vitumba (Helicoverpa armigera), na ndugu wa tumbo moja hutofautiana rangi. Kujua chakula kinambadilisha kiasi gani, mfuge.

Hatua ya 1. Hakikisha ni yeye. Kwenye mahindi, mwenye Y nyeupe iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi ya mraba karibu na mkia ni kiwavijeshi vamizi. Muue.

Hatua ya 2. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiokota wa mbaazi Nachingwea na wa nyanya Masasi ukawapima, hutajua tofauti imeletwa na chakula au na ukoo. Wa shambani wafuge hadi wawe nondo (mdudu mzima mwenye mabawa). Weka dume na jike kwenye ndoo iliyofunikwa kitambaa, pamoja na pamba yenye maji ya sukari. Jike akitaga, gawa watoto wake kwenye vyakula vyote vitatu.

Hatua ya 3. Kila kiwavi kikopo chake, maana wanakulana. Wape maua na maganda mabichi ya mbaazi, nyanya mbichi, mahindi machanga. Vyote visiwe vimepigwa dawa. Badilisha kila siku. Nyanya ndiyo sumbufu, inatoa maji na kuozesha kikopo, kwa hiyo tandika tishu chini.

Hatua ya 4. Akikaribia kuwa pupa (hatua ya kutulia kabla ya kuwa nondo), mwekee udongo mkavu kiasi, ajifukie. Pupa akishakuwa mgumu, mpime. Ana takriban gramu 0.3 tu, kwa hiyo tafuta mizani ya sonara.

Hatua ya 5. Kujua jinsia ya pupa, mlaze chali, tazama ncha ya tumbo kwa lenzi. Ufa wa uzazi wa dume uko karibu na wa haja. Wa jike uko mbali zaidi.

Hatua ya 6. Nondo akitoka, mgandishe kwenye friji, pima bawa la mbele kutoka shina hadi ncha. Dume huelekea kijivu-kijani, jike kahawia. Usiandike kwamba ni mbaazi imempaka rangi hiyo.

Linganisha jike kwa jike. Pupa mwepesi kwa kawaida huzaa jike anayetaga mayai machache. Waliokufa nao waandike: chakula kibovu kikiua wanyonge, waliobaki wataonekana wanene kuliko kundi lilivyokuwa.