Kaburi la ukoo limepigwa alama nyekundu: fuata hatua hizi

Dodoma inajengwa. Reli ya SGR, barabara ya mzunguko, uwanja wa ndege wa Msalato, Mji wa Serikali kule Mtumba: vyote vimepita au vimekaa kwenye ardhi ambayo juzi tu ilikuwa vijiji na mashamba. Na kijijini watu wengi wamezikwa shambani au nyuma ya nyumba, si kwenye eneo lililopimwa. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na familia nyingi hunijia zikiwa zimechelewa, tingatinga liko barabarani na fomu ya fidia imeshasainiwa. Huu ni mwongozo wa kufika mapema, mara tu kaburi linapopigwa alama kwamba litahamishwa.

Hatua ya 1: Jua unafukua kwa sababu gani

Sababu ndiyo inayoamua uende ofisi ipi.

Ardhi ikitakiwa kwa manufaa ya umma, inayotumika ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi, Sura ya 72, ya mwaka 1969. Kifo kikiwa na utata, hakimu anayechunguza vifo ndiye anayeweza kuamuru mwili ufukuliwe. Hapo ukoo hauamui chochote, unashuhudia tu.

Kundi la tatu ni la watu binafsi, na ndilo linaloingia matatani zaidi. Umenunua kiwanja Nzuguni au Nala, kumbe kuna kaburi la ukoo wa muuzaji. Hati ya kiwanja haikupi ruhusa ya kuwatoa waliolala humo. Kufukua maiti bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hata kama fundi wako amekuambia “hiyo ni mifupa tu”. Anza na ukoo, pata ridhaa yao kwa maandishi, kisha nenda halmashauri kuomba kibali. Usimguse marehemu kabla ya hapo.

Kuanzia hapa nazungumza na wenye makaburi yaliyopitiwa na mradi.

Hatua ya 2: Kaeni kikao cha ukoo, mwandike muhtasari

Chagueni msemaji mmoja na mwingine wa kumsaidia. Muhtasari uwe na majina, saini au dole gumba, na muhuri wa mtendaji wa mtaa au kijiji. Msipuuze hili. Fedha ikishatajwa watatokea wajomba ambao hawajawahi kung'oa hata jani moja juu ya kaburi hilo.

Kumbukeni pia kwamba mwenye ardhi na mwenye marehemu wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Fidia ya shamba inamfuata mwenye shamba. Gharama za kaburi zinaufuata ukoo wa marehemu. Hakikisheni fomu haijazichanganya.

Hatua ya 3: Hesabuni makaburi yote

Tembeeni eneo zima na mzee anayelijua. Yale ya saruji na msalaba yanaonekana. Yanayosahaulika ni ya watoto wachanga na ya zamani yaliyobaki mawe tu. Kila moja lipigwe picha, liandikwe jina au “mtoto wa fulani”, na jirani ashuhudie.

Hatua ya 4: Andaeni orodha ya gharama kabla mthamini hajaja

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza. Watu huja na hoja ya “kaburi la baba lina thamani gani?” Sheria ya 1969 haina jibu la swali hilo, kwa sababu hailipi thamani ya kaburi. Inalipa gharama za kadiri za kutoa mabaki, kusafirisha, kuzika upya na kulijenga kaburi lilivyokuwa, pamoja na ibada au matambiko yanayoambatana na uhamisho huo. Ndiyo, matambiko yamo. Wengi hawajui, na hakuna atakayewakumbusha.

Basi orodha yenu ndiyo kesi yenu. Andikeni: sanda au jeneza dogo, wachimbaji, saruji na mchanga kama kaburi la awali lilijengewa, gari, mbuzi au ng'ombe wa tambiko kama ndiyo desturi yenu, sadaka ya misa au dua, chakula cha waombolezaji. Weka bei ya soko la kwenu na karatasi ya bei ya fundi. Mkikuta makaburi yote yamewekewa kiasi kimoja, lenu la zege na la jirani la udongo, pingeni kwa barua, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Fomu yenye nafasi tupu isisainiwe. Hata kama ofisa ni mpole.

Hatua ya 5: Tafuteni pa kuzika upya

Makaburi ya umma mjini yako chini ya halmashauri. Mchimbaji wa pale hana mamlaka ya kuwagawia nafasi. Kama mnataka mabaki yaingie kwenye kaburi la zamani la ndugu, ulizeni halmashauri kwanza, kisha kiongozi wa dini. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kaburi halifunguliwi kuzikia mwingine mpaka wanaoijua ardhi ile waseme wa kwanza ameshaoza kabisa, isipokuwa kwa dharura.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Anzeni alfajiri. Wawepo afisa afya, mtendaji, kiongozi wa dini na msemaji wenu. Zungusheni turubai, watoto wakae mbali, wachimbaji wavae glavu na barakoa. Kila kaburi liwe na sanduku lake lenye jina; msikubali kuchanganya “kwa kuwa ni ndugu”. Uchimbaji ukifika kwenye mabaki, jembe liwekwe pembeni, tumieni mikono na mwiko.

Zikeni siku hiyohiyo. Kabla watu hawajatawanyika, mtendaji aandike na kusaini nani ametolewa wapi na amezikwa wapi. Nakala moja ibaki kwa msemaji, nyingine kwa mzee wa ukoo.