Kabla Hamjaingia Mbele ya Kamati ya Bunge: Mambo ya Kuzingatia

Barua ya wito kutoka Ofisi ya Bunge ikishafika wizarani au kwenye taasisi yenu, someni kwanza imetoka kamati ipi, maana hilo ndilo linaloamua nani aende Dodoma na abebe nini. Kamati ya kisekta, yaani inayosimamia sekta ya wizara yenu, inataka kujua bajeti ya mwaka huu imetekelezwaje na mwaka ujao mnaomba nini. Hapo msemaji ni Waziri, na Katibu Mkuu na wakurugenzi wapo kumsaidia. PAC, yaani Kamati ya Hesabu za Serikali, hufukua mwaka uliokwisha kufungwa, na anayebanwa ni Afisa Masuuli mwenyewe, yaani mtendaji mkuu anayewajibika kwa fedha za ofisi. Halmashauri huitwa na LAAC, Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, na mashirika ya umma hukutana na PIC, Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, kuhusu mitaji ya Serikali waliyokabidhiwa. Taarifa iliyoandikwa kwa kamati moja haipelekwi kwa nyingine kwa kubadilisha jalada tu. Naandika hivi kwa sababu hufanyika.

Baada ya hapo hesabuni miezi. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, hesabu zinatakiwa kumfikia CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ndani ya miezi mitatu, na ripoti yake humfikia Rais kufikia mwisho wa Machi. Kisha Ibara ya 143 ya Katiba inataka iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu mkutano unaofuata uanze. Maana yake ni kwamba PAC inapowauliza, malipo yenyewe huenda yalifanyika miaka miwili nyuma, na mhasibu aliyeyaandaa amekwishahamia Tabora. Hati za malipo, mikataba, vyeti vya kazi iliyokamilika na hati za kupokelea mali zikusanywe wakati wakaguzi wangali ofisini kwenu. Hoja ya ukaguzi kuhusu malipo yasiyo na viambatisho inaudhi kuliko zote kwa sababu mara nyingi viambatisho vipo, ila viko kwenye kabati ambalo hakuna anayejua ufunguo wake.

Sasa takwimu. Kwa kila kasma, yaani kifungu cha bajeti, kuna namba tatu: fedha zilizoidhinishwa, zilizopokelewa na zilizotumika. Zipatanisheni na Hazina kabla ya kuziandika, maana namba yenu ikipishana na yao, nusu ya kikao itaishia hapo. Tuseme mliidhinishiwa shilingi bilioni 10 za maendeleo, mkapokea bilioni 4 hadi Februari, mkatumia bilioni 3. Pengo la bilioni 6 ni la Hazina kuchelewa kutoa fedha, na mnaweza kulisema bila woga. Bilioni 1 iliyolala kwenye akaunti ni yenu. Wengi huyachanganya mapengo hayo kwa sentensi moja ya “ufinyu wa bajeti,” na mjumbe makini huyatenganisha ndani ya dakika mbili. Afadhali myatenganishe wenyewe, na chini ya mstari wa hiyo bilioni 1 muandike kilichokwamisha: zabuni ilirudiwa, mkandarasi hakuleta dhamana, au idhini ya matumizi ilichelewa mezani kwa mtu fulani.

Utekelezaji wenyewe upimwe kwa ahadi mlizoandika. Chukueni randama, yaani kitabu cha maelezo ya bajeti, ya mwaka uliopita na hotuba ya Waziri, pigeni mstari kila palipoandikwa “itajenga”, “itakamilisha” au “itanunua”, kisha mjibu moja baada ya nyingine. Idadi ya semina na vikao kazi haiwasaidii. Kumbukeni pia kwamba walio mezani ni wabunge wa majimbo. Taarifa ikisema kisima kinatoa maji, kuna uwezekano mjumbe mmoja alipita kijijini hapo wikiendi iliyopita akawakuta akina mama na madumu matupu. Mpigieni simu mhandisi wa wilaya kabla ya kuchapisha, na mwombe picha yenye tarehe.

Jedwali la maagizo yaliyopita ya Kamati ndilo wajumbe wengi huanza kulisoma, hata kama limewekwa nyuma kabisa. Neno “inaendelea” likionekana kwa mwaka wa tatu dhidi ya agizo lilelile, jiandaeni kuwa na kikao kirefu. Kila agizo liwe na hatua iliyofikiwa, mhusika na tarehe ya kumaliza. Kwa hoja za CAG, msijiandikie “imefungwa” kama mkaguzi hajahakiki. Chini ya Sheria ya Ukaguzi wa Umma majibu yenu hupitia kwa Mlipaji Mkuu wa Serikali aliyeko Hazina, kwa hiyo mliyomjibu yeye na mnayoiambia Kamati lazima yalingane. Maofisa wa CAG huwemo ukumbini kuishauri PAC. Kama mna ubishi nao, umalizeni ofisini kwao.

Siku ya kikao Afisa Masuuli ajue mambo makubwa kwa kichwa, asigeuke nyuma kila anapoulizwa. Jibu likikosekana, aombe kulileta kwa maandishi na ataje tarehe. Kubuni ni hatari: Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge inahesabu ushahidi wa uongo mbele ya kamati kuwa kosa. Na anayedhani kamati ni maneno tu akumbuke Novemba 2014, PAC chini ya mwenyekiti wake Zitto Kabwe ilipowasilisha taarifa ya Tegeta Escrow, akaunti ya Benki Kuu iliyohifadhi malipo ya umeme yenye mgogoro, kutokana na ukaguzi maalumu wa CAG. Kabla mwaka haujaisha, Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alikuwa amejiuzulu na Waziri Anna Tibaijuka ameondolewa kwenye uwaziri.

Nakala zimfikie Katibu wa Kamati mapema wajumbe wapate kuzisoma. Zikigawiwa mlangoni mnaweza kurudishwa mlikotoka, na gharama za safari ni fedha ya umma vilevile. Mwachieni mtu mmoja kazi ya kuandika kila agizo kwa maneno ya Mwenyekiti. Jioni hiyohiyo orodha yake iende kwa wakurugenzi, ikiwa na jina la mhusika mbele ya kila agizo, bila kungoja barua rasmi ya Bunge.