Kutunza rejista unapomwingiza mgeni wa VT-x na kumtoa

Kama unaandika hipavaiza yako mwenyewe (programu inayoendesha mashine pepe) kwenye Intel VT-x, msaada wa prosesa kwa kazi hiyo, na inaenda fresh ukikompaili kwa -O0 (bila kuboresha kodi) alafu ukiweka -O2 (kompaila iboreshe) kila kitu kinavurugika, usikimbilie kulaumu VMCS (eneo la memori linaloshika hali ya mgeni na mwenyeji), cheki kwanza rejista. Mi siku tatu ziliishia hapo. Namba ya luupu upande wa mwenyeji (yaani hipavaiza yenyewe) ilikuwa inabadilika yenyewe tu, kumbe nilikuwa nimetunza RBP peke yake, na kwa -O2 kompaila ikaiweka ile namba kwenye RBX ambayo mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) naye anaiandika anavyotaka.

Iko hivi: mgeni akitoka, prosesa inamhifadhia RIP, RSP, RFLAGS, CR3 na segimenti zake, lakini zile rejista 15 za kawaida ukiacha RSP haizigusi kabisa, zinabaki na namba za mgeni. Na kompaila ya C haina habari na mgeni, yenyewe inajua umeita fanksheni basi, na kwa mkataba wa System V ambao Linux inafuata, fanksheni ikirudi lazima RBX, RBP na R12 mpaka R15 ziwe vilevile. Windows wanaongeza RDI, RSI na XMM6 mpaka XMM15, kwa hiyo usikopi tu asembli ya Linux ukaipeleka kule.

Kuingia, RDI ikiwa na anwani ya struct ya rejista za mgeni na ESI inasema kama alishaanzishwa:

```
push rbp
push rbx
push r12
push r13
push r14
push r15
push rdi
mov eax, 0x6C14   ; HOST_RSP, steki ya kurudia mgeni akitoka
vmwrite rax, rsp
test esi, esi
```

Hiyo test iweke baada ya vmwrite maana vmwrite inachezea flagi. Kisha pakia rejista zote za mgeni kwa mov, RDI iwe ya mwisho kwa sababu ndo umeishikilia, na hapo utamu wake ni kwamba mov haigusi flagi kabisa, so jz yako bado inajua iende VMLAUNCH (kuingia mara ya kwanza) au VMRESUME (kumrudisha) hata kama ESI ishafutwa zamani.

Kutoka, pale HOST_RIP (anwani ya kodi ya mwenyeji mgeni akitoka) inapoelekea, huna hata rejista moja ya bure, ila steki ni yako:

```
push rax
mov rax, [rsp+8]   ; anwani ya struct, ile rdi
mov [rax+8], rbx
; ...zingine zote
pop qword [rax]
add rsp, 8
pop r15
; ...kinyume mpaka rbp
```

Kabla ya hizo pop za mwisho futa rejista za mgeni kwa xor, KVM (hipavaiza ya Linux) nao wanafanya hivyo ili prosesa isije ikabahatisha mbele kwa kutumia namba za mgeni. Na VMRESUME ikifeli mapema, kabla ya kukagua hali ya mgeni, haiendi HOST_RIP, inashuka mstari unaofuata na flagi ya CF au ZF imewaka, kwa hiyo hapo pia lazima urudishe steki, wengi wanasahau.

XMM (rejista za desimali na vekta) za mgeni je? Kompaili hendla yako (kodi ya C inayoshughulikia mgeni akitoka) kwa -mgeneral-regs-only ili C isiziguse.

Kupima, mwambie mgeni ajaze kila rejista namba tofauti alafu apige CPUID, hiyo inamtoa kila mara, sogeza RIP baiti 2 umrudishe. Zaidi ya RAX, RBX, RCX na RDX, ikibadilika hata moja rudi kwenye hizo mov, kuna ofseti umekosea.