Kung'oa tairodi iliyoganda
Chumvi ya Mombasa hula chuma, na tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) ya Land Cruiser inayoshinda Shelly Beach haing'oki kwa kubembelezwa. Weka gari kwenye stendi. Jeki peke yake mimi siiamini. Toa pini inayozuia nati, sugua nyuzi (mikato ya skrubu) za mguu wa tairodi kwa brashi ya waya, mwagia dizeli, nenda kanywe chai. Legeza nati lakini iache ishike nyuzi chache. Usigonge nyuzi! Gonga ubavu wa jicho la chuma linaloshika mguu huo, nyundo ya pili ikiegemea upande wa pili. Mguu umechongwa kama koni, ukishtuliwa huachia kwa mlio. Shingo ya mguu ikiwa imekatika, kipande kikabaki ndani ya jicho, toa nati ukisukume kwa panchi (fimbo fupi ya chuma ya kugongea) kutokea upande mwembamba wa koni.