Kupiga picha ndege wahamaji ufukweni mwa Ziwa Victoria: nendeni Machi, msiishie Disemba

Huku Uganda ukitaja ndege wa ufukweni watu wanadhani mpaka ushuke Mombasa, kumbe ziwa letu hapa Entebbe linapokea wageni wale wale, vitwitwi, chekeamwezi na buabua wanaokimbia baridi ya Ulaya na Siberia, wanaanza kuingia Agosti hivi na wa mwisho wanaondoka Aprili au Mei mwanzoni. Sasa mimi nimeshawafuata misimu kadhaa na kitu ninachotaka mkishike ni hiki, msiishie kwenda Disemba. Disemba ndo kila mtu ana likizo, lakini ndege wenyewe wako kwenye manyoya ya kijivu tupu, wanafanana mpaka unachanganyikiwa. Nenda katikati ya Machi mpaka Aprili. Hapo wanavaa manyoya ya kurudi kuzaliana, yule buabua mabawa-meupe uliyemwona wa kijivu tangu Oktoba sasa kichwa na kifua ni vyeusi tii na mabawa yamebaki meupe, na yule kitwitwi mwenye mdomo uliopinda anakuwa mwekundu kama tofali la kuchoma. Ni miezi ya mvua ndiyo, kwa hiyo beba kavera (mfuko wa plastiki) kubwa la kufunika kamera na kitambaa kikavu, alafu usikimbie mvua ikiisha, mwanga wa baada ya mvua hauna mfano.

Pa kwenda. Ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, ndo penyewe kwa buabua, wanalala pale kwa maelfu kwa maelfu, na tangu 2006 iko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kule unahitaji mtumbwi na mtu anayeujua mfunjo. Ukitaka kwenda kwa miguu tafuta fukwe na mialo (pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi), hasa mwalo ambao wanaanika mukene, wale dagaa wa ziwani, manake shakwe na yangeyange hawatoki pale na vitwitwi wanapita pembeni kwenye tope wakiokota wadudu. Fika kwanza umsalimie mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na wavuvi, waeleze unapiga picha za ndege, wewe ndo mgeni pale. Na kamera usiielekeze upande wa uwanja wa ndege wala kwa wanajeshi wa ziwani, utapoteza siku nzima ukijieleza.

Muda. Sisi tuko karibu na ikweta, jua linatoka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro mwaka mzima na linapanda haraka mno, ikifika saa tatu mwanga umeshakuwa mkali na joto linaanza kutetemesha hewa juu ya mchanga, picha za mbali zote zinatoka kama umepiga kupitia moshi. Kwa hiyo uwe umeshalala chini kabla jua halijatoka.

Nimesema kulala chini, namaanisha kulala kabisa. Kitwitwi mdogo kabisa hafiki hata gramu 40, ukimpiga umesimama unapata mgongo na tope, ukishusha lenzi usawa wa jicho lake ziwa lote nyuma linayeyuka linakuwa rangi moja laini na ndege anaonekana kama mtu mwenye maisha yake. Tandika turubai, weka kimfuko cha maharage chini ya lenzi, tripodi ya nini. Ila usilale ndani ya maji wala kwenye majani ya ukingoni, ziwa hili lina kichocho, na pengine viboko na mamba pia, uliza wavuvi kabla hujachagua mahali.

Alafu tulia. Hapa ndo wengi wanaharibu. Usimfuate ndege, angalia anaelekea wapi, zunguka kwa mbali, tangulia ulale umngoje, wanakula wakitembea kufuata ukingo wa maji na watakuja wenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawasogelea nimesimama, kundi zima likaruka, likatua mbele, nikasogea tena likaruka tena, mpaka mzee mmoja mvuvi akaniuliza kwa upole, kijana, hawa ndege wamekukosea nini? Swali lile sijalisahau. Machi ndege anaweka mafuta mwilini ya kumfikisha maelfu ya kilomita, kila ukimrusha unayachoma. Ukiona ameacha kula na amenyoosha shingo anakuangalia, simama hapo hapo.

Upepo. Baharini watu wanafuata maji kupwa na kujaa, ziwani kwetu hakuna hiyo, unafuata upepo. Ndege anasimama na anatua akiukabili upepo, na asubuhi huwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo ukiupa mgongo upepo na jua pia likawa nyuma yako, wanakutazama wewe. Mchana upepo unageuka unatoka ziwani, unaona migongo tu, nenda ukale rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai.

Mitambo sasa, kwa ufupi. Lenzi ya milimita 400 inatosha, na mwenye simu tu aiweke kwenye darubini, nimeona picha nzuri za namna hiyo. Anayetembea shata (kasi ya kamera kufunga) 1/1000 ya sekunde, anayeruka 1/2000 au kasi zaidi, usiogope kupandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), chembechembe zinavumilika ila ukungu wa kutikisika hauna dawa. Fokasi iwe ile inayomfuata ndege bila kuacha, na nukta yake iwe jichoni. Shakwe mweupe mbele ya maji meusi anaungua, yaani anatoka mweupe tupu bila manyoya kuonekana, kamera inadanganyika, shusha mwanga kidogo kama theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga kwenye kamera). Ndege mweusi kwenye anga jeupe ni kinyume, pandisha.

Nyumbani kabla hujafuta zile picha mbovu, vuta kila moja uangalie miguu. Wengine wanavishwa pete au kibendera cha rangi huko wanakotoka, na herufi zake zikisomeka hata kwenye picha yenye ukungu, mradi wa pete unaweza kukuambia huyo ndege wa mwaloni kwako alivishwa wapi na lini, kwa hiyo andika tarehe, mahali na pete iko mguu upi, juu ya goti au chini.