Kupima homoni ya hCG kwenye mkojo baada ya mimba zabibu

Mama aliyesafishwa kizazi kwa sababu ya mimba zabibu (mimba isiyo ya kawaida ambayo kondo lake huvimba kama kichala cha zabibu) bado anahitaji kufuatiliwa, kwa kuwa chembe za kondo zilizosalia zinaweza kugeuka saratani iitwayo koriokasinoma, na hCG, homoni ya ujauzito inayotolewa na kondo, hupanda kabla hajahisi lolote. Hapa Kigoma, siku ambayo kipimo cha kiasi cha homoni kwenye damu hakipatikani, maabara yetu hufuata utaratibu huu.

Kwanza, pokea mkojo wa kwanza wa asubuhi, ambao ndio mzito. Ukiwa na ukungu, uzungushe kwenye sentrifuji. Ukitoka kwenye friji, uache urudie joto la chumba.

Pili, chovya kijiti cha kupimia ujauzito na usome kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Tatu, usiamini jibu la hasi mara moja. Kijiti kina kingamwili mbili (protini zinazoishika homoni), moja yenye rangi inayosafiri na mkojo na nyingine iliyogandishwa kwenye mstari, na homoni ndiyo inayoziunganisha. Ikizidi mno, kila kingamwili hushika homoni yake peke yake, na mstari hautokei. Niliwahi kuandika hasi kwa mama kutoka Ujiji ambaye kizazi chake kilikuwa kimefika kitovuni. Daktari aliurudisha mkojo ule ule, nikauchanganya na salaini (maji ya chumvi) ili kuupunguza nguvu, na mstari ukatokea mwekundu kabisa. Tangu hapo sikosi kuchanganya.

Nne, weka mililita 1 ya mkojo na mililita 9 za salaini kwenye tyubu, tikisa taratibu, kisha chukua mililita 1 ya mchanganyiko huo uipeleke kwenye tyubu inayofuata yenye salaini 9, hadi ufikie 1 kwa 1,000, ukibadilisha pipeti kila mara. Pima kila tyubu. Kwa kijiti kinachoanza kuona uniti 25 kwa lita, chanya kwenye 1 kwa 100 na hasi kwenye 1 kwa 1,000 humaanisha kiasi kilicho kati ya uniti 2,500 na 25,000.

Makadirio haya ni mapana, hayaoni ongezeko dogo, na hasi ya kijiti haithibitishi kwamba homoni imekwisha. Kwa hiyo damu ipimwe mara tu inapowezekana.

Tano, rudia kila wiki hadi majibu matatu mfululizo yawe hasi, kisha kila mwezi kwa miezi 6, mama akitumia uzazi wa mpango, maana mimba mpya nayo hupandisha homoni hiyo hiyo. Kiwango kikipanda au kikigoma kushuka, mpigie daktari siku hiyo hiyo ili rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, iandaliwe, kwani ugonjwa huu hupona kwa dawa hata ukiwa umefika mapafuni.